Miavuli ya Zaidi

Mwaka huo jua lilikuwa kali hata kanga wa porini walitaga mayai yakiwa yamekwisha chemka. Ukibisha, shauri yako. Bibi yangu aliyala, na akasema yalikosa chumvi tu. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, boma lake limekaa pale Mpwapwa, na mvua haikuwa imeonekana tangu msimu wa mwaka juzi.

Katika ukame huo ndimo alimoingia Zaidi, Mrangi wa Kondoa, na mkewe Mwantum, na punda mmoja aliyebeba bidhaa ambayo haijawahi kuuzwa huku bara: miavuli. Mieusi, mipya, imefungwa mafungu kwa kamba za ukindu. Zaidi aliinunua Bagamoyo, na hukohuko alijifunza namna ya kuinadi. Pwani mvua ni kero, inalowesha kanzu na kuharibu sherehe, kwa hiyo muuza miavuli husema maneno fulani na watu hutoa fedha. Zaidi aliyashika maneno hayo kama alivyoyasikia. Siku ya gulio akapanda juu ya gogo, akafungua mwavuli mmoja, akapaza sauti.

"Nunueni, jamaa zangu. Ukiwa na chombo hiki, mvua haikugusi. Ije ya namna gani, tone halikupati, wewe na watoto wako."

Gulio zima likanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akipima uwele alisahau mkono wake ndani ya kibaba. Zaidi akadhani ule ukimya ni wa kupendezwa, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Sasa mkosi ulivyo, kulikuwa na kijiwingu kilichokuwa kinazubaa juu ya mlima tangu asubuhi, watu wanakitazama kwa jicho la pembeni wasikitie aibu. Zaidi aliposema "tone halikupati" mara ya pili, kile kijiwingu kikageuka, kikashika njia ya Uhehe.

Mwantum akamvuta kanzu. "Baba Tabu, shuka."

"Ngoja, ndiyo kwanza wananogewa."

"Hawajanogewa. Wanakutazama kama mtu anayenadi ndui."

Hakuuza hata mmoja.

Kesho yake asubuhi wanawake wakaja. Na hapa lazima nieleze. Kwa Wagogo wa siku zile, nchi ikiharibika, mvua ikikataa au ng'ombe wakifa, wanaume walikaa pembeni. Wanawake walivaa nguo za waume zao, wakashika fimbo na mikuki, wakautafuta mkosi ulipo na kuufukuza hadi mpakani. Mwanamume hakuruhusiwa kuingilia. Askari wa boma alipita, akawaona, akakumbuka kazi nyingine upande mwingine.

Mbele yao alikuwa Loisi, mwanamke mrefu, mgolole wa mumewe umefungwa begani. Wamisionari walikuwa wamembatiza Jumapili, naye Jumatatu amebeba mkuki. Nyuma yake waliburuta kondoo mweusi kwa kamba.

"Mbukwa," akasema Loisi, maana hata anayekuja kukufukuza atakusalimu kwanza. "Wewe ndiye uliyeifunga mvua?"

"Mimi, mama? Mimi nauza miavuli."

"Jana ulisema nini juu ya gogo?"

Zaidi akageuka kulitazama lile gogo.

"Alisema haitatugusa," akadakia mwingine. "Sisi na watoto wetu. Nilimsikia, nilikuwa karibu kama hapa."

"Na wingu likamtii," akasema Loisi. "Chukueni vibuyu vyao vya maji. Punda abaki. Hawa wawili tunawasindikiza Marenga Mkali."

Marenga Mkali ni ile nyika iliyoko baada ya Chunyo, upande wa kwendea Ugogo wa ndani, isiyokuwa na maji ya kunyweka. Wapagazi waliivuka mbio wakiwa na vibuyu vimejaa, na bado waliacha mifupa. Kuingizwa humo mikono mitupu, katika jua la kuchemsha mayai, ilikuwa ni kuuawa bila mtu kukugusa. Na binti yao Tabu yuko Kondoa kwa nyanya yake, anasubiri zawadi.

"Mama, nisikilize," Zaidi akaanza. "Hiki ni chombo kizuri tu. Kinazuia..."

"Nyamaza, baba Tabu," akasema Mwantum taratibu.

Alikuwa anamtazama kondoo. Akamgeukia Loisi. "Dada, huyo kondoo mnampeleka wapi?"

"Kwa mvua."

"Mbona mweusi?"

Loisi akamwangalia kama anavyoangaliwa mtoto mjinga. "Wingu la mvua lina rangi gani kwenu? Jeupe ni la kiangazi. Mvua huitwa kwa rangi yake."

Mwantum akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwa punda, mikuki ikimfuata mgongoni, akachomoa mwavuli, akaufungua. Wanawake wakarudi nyuma. Naye akaupindua: mpini ukaelekea mbinguni, kitambaa cheusi kikawa chini, kimejikunja kama bakuli.

"Tumekosa adabu," akasema. "Mume wangu kanunua kitu asichokijua. Hiki ni chombo cha kuikinga mvua iingie, si cha kuikataa. Yeye jana alikishika kitako juu."

"Na yale maneno?"

"Mwanamume ukimpa chungu akakivaa kichwani, atakwambia ni kofia."

Mmoja wao akacheka, akajiziba mdomo. Loisi hakucheka. Alikizunguka kile chombo, akagusa kitambaa, akakilinganisha na manyoya ya kondoo.

"Cheusi," akakubali. "Basi mkishike hivyohivyo, wote wawili, hapa juani. Jua likizama bila wingu, tunakwenda Marenga."

Wakasimama. Saa zikapita. Vibuyu vyao viko miguuni pa Loisi, Zaidi anasikia maji yakicheza ndani kila vikiguswa, ulimi umemgandia kinywani.

"Tungewaambia tu ukweli," akanong'ona.

"Ukweli gani? Wewe jana uliwauzia kiu, watu wana kiu tayari. Hawakuona kitambaa na mpini, waliona mtu anayewafungia mbingu. Shika vizuri."

Jua likaegemea mlima. Wanawake wakaanza kuinuka, wakafunga migolole upya. Loisi akashika mkuki.

Ndipo upepo ukaja na harufu ya udongo. Wingu likapanda kutoka mashariki, jeusi kuliko kondoo. Mimi nasema lilikuwa njiani siku nyingi, lingekuja hata kama Zaidi angeshika mtungi wa pombe. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Tone la kwanza likampiga Zaidi puani. La pili, shingoni. Na mkono wake, uliozoea Bagamoyo, ukaanza wenyewe kugeuza mwavuli.

"Ukigeuza tumekufa," akasema Mwantum bila kutikisa midomo.

Mkono ukasita katikati. Loisi alikuwa anautazama. Mvua ikashuka kwa kishindo, na Zaidi, taratibu, akaurudisha mwavuli kitako chini. Ukajaa maji ukafurika, naye ameloa hadi kwenye mifupa, kofia imemshukia machoni. Loisi akachovya mkono katika lile bakuli jeusi, akanywa. Kisha akamrudishia kibuyu chake.

Miavuli yote ila mmoja ilikwisha kesho yake, kwa mbuzi na samli. Mwezi uliofuata alikuja mfanyabiashara mwingine na miavuli myeupe, mizuri zaidi, akaondoka nayo kama alivyokuja. Nani anunue wingu la kiangazi?

Zaidi alibaki na ule mmoja wa kurudi nao nyumbani. Njiani kuelekea Kondoa mvua ikawapiga tena, nyikani, hakuna mtu wala nyumba. Akaufungua, akaushika kitako chini.

"Geuza basi, baba Tabu," Mwantum akacheka, maji yakimtiririka usoni. "Hawapo."

Zaidi akatazama nyuma, akatazama vichakani.

"Wateja," akasema, "huwezi kujua wako wapi."