Oveni ya Udongo ya Keumbu

Mikate sitini iliungua tena, na unga uliobaki ulikuwa bunda moja tu.

Mokua aliichomoa kwa koleo, mmoja mmoja, bila kumtazama mtu. Miaka kumi na minane alikuwa mchomaji katika kiwanda cha mikate mjini Kisii. Kiwanda kilipofungwa, yeye na wenzake watatu walirudi Keumbu wakasema watajiajiri, na watu wakawaamini. Kanisa liliwachangia mabunda matatu ya unga wa ngano. Ogeto, mzee anayechoma matofali, akatoa matofali na kuni. Kina mama walikanyaga udongo wa kichuguu kwa miguu yao mpaka oveni ikasimama.

"Saa yangu haikosei," Mokua alisema. "Dakika thelathini na tano, kama kiwandani."

"Kiwandani ulikuwa unabonyeza kidude, Baba Ashley," alijibu Mong'ina, mkandaji wao wa unga tangu huko. "Hapa ni kuni."

Ogeto aliokota mkate akaugonga ukutani. Ko! Ko!

"Mokua, matofali nilikupa bure. Mbona unanirudishia?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakatoa visu, wakakwangua weusi, wakala kilichobaki kwa chai. Nyamusi, mama wa watoto watano, alifunga mikate minne kwenye leso.

"Ndani ni mzuri," alisema. "Endeleeni tu."

Hapo ndipo Mokua alipoishiwa nguvu. Wangemtukana, angewajibu, mdomo anao. Lakini mtu anayekula makosa yako na kukushukuru utamwambia nini? Na bunda la mwisho likiungua, atapita wapi Keumbu hii?

Akavua saa.

"Mzee, nifundishe moto."

"Ungeuliza juzi," Ogeto alisema, tayari anakunja mikono ya shati. "Choma kuni mpaka ziishe. Toa makaa yote. Pangusa chini kwa gunia bichi. Halafu ingiza mkono uhesabu. Ukishindwa kabla ya saba, ngoja. Ukifika saba, weka mkate."

"Tujaribu nusu bunda?" Mong'ina aliuliza.

"Lote. Leo Ijumaa, watu wananunua mikate ya Sabato ya kesho."

Mong'ina akakanda lote, kuni zikaisha, makaa yakatolewa. Mokua aliingiza mkono. Tatu, akautoa. Akangoja. Nne. Akangoja tena, meno yameumana. Mara ya sita alifika saba.

Mikate sitini iliingia. Ilipotoka ilikuwa ya rangi ya kahawia, imeumuka, na harufu yake ikavuka barabara kabla ya mtu kuitangaza. Kufikia saa nane mchana haukubaki hata mmoja, na Nyamusi safari hii alilipa.

Somo hilo liligharimu mabunda mawili ya unga, kuni za mikaratusi minne ya Ogeto, mikate mia na ishirini iliyoliwa imeungua, na nywele zote za mkono wa kulia wa Mokua.