Chumvi Juu ya Bati

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika ukingo wa paa, mwingine umeshika kata ya maji ya chumvi, jirani yangu Sikujua aliponisalimia kwa Kisukuma kutoka nyuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," nikajibu bila kugeuka.

"Mama Masalu, unafanya nini huko juu na umri huo?"

Nikamwambia naanika majivu ya kuhifadhia choroko. Ilikuwa nusu ya ukweli, maana kando yangu palikuwa na gunia la majivu, ila lilikuwa limelowa chapachapa, na majivu ya choroko hayalowekwi. Huyu Sikujua ni jirani yangu hapa Didia tangu tukiwa wake wapya, mwenye ng'ombe wengi na maswali mengi kuliko ng'ombe. Alilitazama gunia, akanitazama mimi, akatikisa kichwa na kuifuata mifugo yake. Nikashukuru kwamba ni yeye aliyeniona. Huku kwetu mwanamke anayeishi peke yake akikutwa anafanya jambo lisiloeleweka, watu hawakawii kulitafutia maelezo.

Nilikuwa naliua paa langu. Nasema hivyo bila haya. Lilikuwa paa zuri kuliko yote kitongojini, na nilitaka litoboke.

Zamani nyumba hii ilikuwa ya nyasi. Nyasi ni kitu cha usumbufu: mchwa wanazila, panya wanazaliana ndani yake, na kila baada ya misimu mitatu ya mvua zinaoza na kuanza kuvuja. Mume wangu alipofariki, kazi ya kuezeka ikawa ya wanangu. Masalu, mkubwa wao, alikuja kutoka Shinyanga mjini. Maduhu alitoka Mwakitolyo, kwenye machimbo. Nelly, kitinda mimba wangu, alifunga safari kutoka Geita, ambako anawapikia wachimbaji chakula. Walikuja kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Siku ya kwanza walishuka bondeni kukata nyasi, siku ya pili waliezua zile zilizooza, siku ya tatu wakaezeka, na mimi niko chini napika na kurusha maneno.

"Kaka, hiyo unayoezeka ni nyumba au kiota?" Nelly alimuuliza Maduhu, na Maduhu akamtupia fungu zima la nyasi kichwani.

Jioni tulikaa uani na vijiti vya nyasi kwenye nywele, tukila ugali wa mtama na mlenda, halafu michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Hakuna aliyekuwa na haraka, kwa kuwa nyumba haikuwa na paa na hakuna mtoto anayemwacha mama yake chini ya nyota.

Kosa langu, kama lilikuwapo, ni kulalamika. Nililalamika kama wajane wote wanavyolalamika: nyumba inavuja, mvua itaniua, kitanda kimeota uyoga. Nililalamika vizuri mno, na wanangu wakanisikia.

Masalu anafanya kazi kwenye karakana ya mabati, karibu na reli. Nilifika huko mara moja tu, siku niliyokwenda mjini kupimwa macho. Alinishika mkono na kuniingiza ndani kwa fahari, kama kijana anayempeleka mama yake kumwona mchumba. Koili lilikuwa limekaa sakafuni, kimo chake kifuani kwangu, bati limejiviringa juu ya bati kama jamvi lililokunjwa baada ya msiba kwisha. Mashine ililivuta upande mmoja likiwa tambarare, na upande wa pili likatoka lina migongo. Kelele yake niliisikia mpaka kwenye meno.

"Hiki chote ni chuma, mama," akanipigia ukelele sikioni. "Chuma kitupu kingeliwa na kutu upesi sana. Ndiyo maana kinachovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Unayaona haya maua yanayong'aa? Hiyo ndiyo zinki. Hata ukilikwaruza bati, zinki ya pembeni inakubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone."

"Kumbe zinki ni mama wa watu," nikasema. Alicheka hadi wenzake wakageuka.

Kisha akaniwekea vipande viwili mezani, kimoja cha geji ishirini na nane, kingine cha thelathini na mbili. Mimi nilidhani yenye namba kubwa ndiyo bora, akasema ni kinyume chake, namba ikipanda bati linakonda. Akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba. Kile kinene kilinikatalia. Kile chembamba kikabonyea, ka! kisha kikarudi, ka!

"Hiki kimelambishwa zinki, hakikupakwa," akasema. "Misimu mitatu ya mvua, basi, unaanza kutafuta beseni la kukingia. Mama, ukiona mtu amekuezekea kwa bati la namna hii, ujue hakupendi."

Zamu ya kuezeka ilipofika tena, nikajiandaa kama kawaida. Nikasaga mtama wa kutosha siku tatu, nikaloweka michembe, nikafunga kamba majogoo wawili, nikaazima sufuria kubwa kwa Sikujua. Asubuhi kirikuu ikaingia uani imebeba mabati ya geji ishirini na nane, mbao zilizokwisha kukatwa kwa vipimo, misumari ya kofia, mafundi wawili, na wanangu wote watatu wamekaa juu ya mzigo wanapiga kelele. Walikuwa wamechanga kimyakimya mwaka mzima. Nilipiga vigelegele, mama gani asingepiga?

Kabla jogoo wa pili hajaiva, nyasi zilikuwa chini. Alasiri paa lilikuwa limekamilika, linawaka kwa jua hata kuku wakaogopa kupita uani. Kirikuu ilikuwa ya kukodi kwa siku moja, na mwenye gari alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Masalu alinipa wosia wake akiwa ameshika mlango wa gari.

"Mama, usianike kitu chenye chumvi juu yake. Na majivu yaliyolowa yasiliguse. Vinakula zinki."

"Na nikilitunza litadumu muda gani?"

"Miaka thelathini."

"Basi tutaonana baada ya miaka thelathini."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nilidhani natania. Gari likatoka, vumbi likatulia, na mimi nikabaki na sufuria la Sikujua limejaa chakula cha siku mbili zilizobaki. Michembe nilikula wiki nzima. Nyama walimalizia mbwa.

Sitaki mtu afikiri sikushukuru. Msimu ule wa kwanza nililala pakavu, na asubuhi nililitazama paa langu kama msichana anavyotazama gauni la sikukuu. Lakini zamani simu zao zilikuwa na la kusema. Nyasi zimefikia wapi, tuje lini, nani alete kamba. Sasa zilikuwa hivi:

"Mama, nyumba haivuji?"

"Haivuji."

"Mungu mkubwa."

Halafu kimya, halafu haya mama, tutaongea. Mvua ikinyesha kwenye nyasi ilikuwa inanong'ona, niliweza kuwasikia hata ng'ombe wa Sikujua wakihema zizini. Kwenye bati ilikuwa kishindo, usingesikia hata mtu akibisha hodi. Nilijiambia pengine wanabisha. Nikafungua mlango mara kadhaa, na hapakuwa na mtu.

Kiangazi cha kuezeka kilipofika hakuna aliyekuja, kwa kuwa hapakuwa na cha kuezeka. Krismasi nayo kila mmoja alikuwa na sababu. Masalu alikuwa na makoili yaliyochelewa na wateja waliokuwa wanamngoja mlangoni. Maduhu alisema duara lake, shimo analochimba, liko karibu kutema dhahabu, akiondoka leo litatema kesho. Nelly alikuwa na mtoto mchanga. Zote zilikuwa sababu za kweli na sikumlaumu mtu. Mzima haendewi na mganga. Lakini niliwakosa, niliwakosa hadi nikawaonea wivu wanawake ambao nyumba zao zilivuja.

Ndipo nikakumbuka wosia. Aliyenikataza ndiye aliyenifundisha.

Nilichagua bati moja, la nyuma, juu ya stoo, mahali ambapo paa liko chini na ngazi inafika. Nikalikwangua kwa kipande cha jembe. Nikanunua chumvi ya ng'ombe mnadani, na kila nilipomaliza kuoga nikapanda kulinywesha bati langu, kisha nikalifunika kwa gunia la majivu yaliyolowa. Kwanza ukatoka unga mweupe. Niliupangusa kwa kidole nikafurahi kama mtu aliyeona mbegu inachipua. Lakini zinki ile ilikuwa ngumu, Masalu hakuninunulia bati la hovyo. Ilijitoa kidogo kidogo na kukataa kuisha, na zipo siku niliionea huruma, nikashuka bila kuimwagia kitu. Kutu nyekundu ilionekana msimu wa pili. Tobo la kwanza, dogo kama jicho la sindano, nililiona kutoka ndani ya stoo, mwanga mwembamba umeingia na kusimama juu ya gunia la choroko.

Nikapiga simu.

"Masalu, inavuja."

"Haiwezekani, mama."

"Njoo uone."

Alikuja Jumapili hiyo, peke yake. Alipanda ngazi, na mimi chini nikabaki natazama nyayo za viatu vyake. Gunia nilikuwa nimeliondoa, kata nimeificha. Alikaa huko juu muda mrefu. Nilimwona anachota ule unga kwa kidole, anaugeuza kwenye mwanga, kisha anaupeleka kwenye ulimi.

Sikuogopa hasira yake. Niliogopa asije akacheka, au akanihurumia, akanibeba na kunipeleka mjini kwenye chumba chake kimoja, niwe mzigo wa kurukwa asubuhi na jioni. Nilitaka waje kwangu. Sikutaka zaidi ya hapo.

"Mama."

"Naam."

"Hapa mvua haikufanya kazi peke yake."

Nikawatazama kuku. Akashuka, akaomba maji, akayanywa yote akiwa amesimama. Halafu akaenda nyuma ya jiko na simu yake, na sauti yake nikaisikia vizuri.

"Maduhu, paa la mama limeharibika. Siyo bati moja, upande wote wa nyuma. Hapana, mafundi sitaki, ni kazi yetu. Hata kama duara linatema, njoo. Siku tatu."

Akampigia na Nelly, akamwambia yaleyale. Aliporudi hakunitazama usoni.

"Wanakuja Ijumaa," akasema. "Utapika?"

"Nitapika."

Nelly alifika wa kwanza, mtoto mgongoni. Masalu akaja na guta limebeba bati moja jipya, limefungwa kwa magunia. Akaezua mabati yote ya upande wa nyuma, mazima kabisa, akayapanga uani na kugawa brashi na maji.

"Kaka, mbona lililotoboka ni moja tu?" Nelly akauliza.

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana."

"Basi sugua."

Tukasugua mabati yasiyo na ugonjwa, kutwa nzima, mjukuu wangu akipiga ngoma juu yake kwa mwiko. Maduhu aliingia siku ya pili jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, amekonda, anacheka. Duara halikuwa limetema. Tulikula uani, wote wanne na mtoto, na nyumba yangu imefunuliwa nusu nyuma yetu.

"Mama, huu mlenda umeutia nini leo? Mtamu," Maduhu akasema.

"Chumvi," Masalu akajibu, macho yake kwenye sahani. "Mama haishiwi chumvi."

Nilipaliwa, Nelly akanipiga mgongoni.

Siku ya tatu walirudisha mabati. Lile jipya Masalu alilipigilia mwenyewe, la mwisho, akakataa mtu yeyote kumshikia. Jioni wakaondoka. Maduhu aliondoka na michembe iliyobaki, Nelly na jogoo mmoja, na Masalu aliniambia tu nijitunze, kisha akapanda bodaboda bila kusema neno kuhusu paa. Nikaosha sufuria. Nyumba ikawa kimya tena, na kimya cha mara hii kilinielemea zaidi kwa kuwa nilijua nimetumia hila yangu yote. Mtoto mmoja alikwisha kuijua. Singeweza kuirudia.

Asubuhi nikachukua ngazi. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Bati jipya lilikuwa linang'aa katikati ya yale ya zamani, maua yake madogo madogo. Nikaweka kidole gumba, kama nilivyofundishwa mezani pale karakanani.

Likabonyea. Ka! Likarudi. Ka!

Nikabonyeza tena, nisije nikajidanganya. Nikabonyeza na la jirani yake, likanikatalia. Mwanangu anashinda kutwa na makoili ya kila unene. Anajua lipi la miaka thelathini na lipi la misimu mitatu, na hili alilichagua kwa mikono yake mwenyewe na kulifunga kwa magunia lisikwaruzwe njiani. Nikakaa kwenye ngazi nikalia, nikicheka.

Kisha nikashuka. Chumvi iliyobaki nikampelekea Sikujua, wakailambe ng'ombe wake.