Kopo la Vifutio

Mtu wa maktaba alitarajiwa saa nne, kuja kuchukua makaratasi ya Mwalimu. Mimi nilifika saa mbili, kwa sababu kulikuwa na karatasi moja niliyotaka itoke kwenye nyumba ya Mwalimu kabla haijawekwa kwenye makabati ya umma, ikiwa na jina langu chini yake.

Binti wa Mwalimu alikuwa sakafuni kwenye chumba cha kuchorea, anafunga maboksi kwa kamba. Baba yake alifundisha kuchora miaka thelathini na minane na hakutupa kitu: daftari za mahudhurio, barua za wanafunzi, brashi zilizonyonyoka. Miezi miwili tangu tumzike, chumba bado kilinuka tapentaini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kiberiti. Umekuja kusaidia au kuwaka?"

Jina hilo alinipa baba yake.

"Kusaidia."

"Basi shika kopo hilo. Usilimwage."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa vifutio. Darasani kwake kifutio kilikuwa marufuku. Ukikosea mstari unauacha, unachora ulio sahihi pembeni yake. "Usifute," alikuwa akisema, akipita kati ya madawati, mikono nyuma. "Ukifuta nitajuaje umetokea wapi?" Tulimwita Bwana Usifute, naye alijua. Kifutio changu nilikitambua kwa alama za meno.

Karatasi ilikuwa kwenye boksi la tatu. Mama kwenye cherehani, nilivyomchora nikiwa na miaka kumi na minne, na chini yake shairi langu la kwanza:

Mama kashika sindano,
kazi isiyo mfano,
kwa nguo na maneno
amenivisha mwanawe.

Siku ile Mwalimu alilisoma mara mbili, akasema mstari wa tatu unachechemea. Nikamjibu mbele ya darasa zima, "Mwalimu, wewe fundisha vikombe na vyungu. Mashairi niachie mimi." Hakunipiga wala hakunitoa nje. Aliichukua karatasi, akasema, "Nakuwekea. Rudi ukishapoa." Sikurudi. Shairi hilo nimelighani harusini, nimelighani redioni, na hakuna aliyewahi kuguna.

Sasa niliona vitone vya penseli, kimoja chini ya kila silabi. Nane. Nane. Saba. Nane. Mwishoni mwa mstari wa tatu palikuwa na kiduara kitupu, kama kiti alichowekewa mtu anayechelewa. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa hasira. Saba.

"Baba hakujua mashairi wala nini," dada akasema bila kuinua kichwa. "Alihesabu kwa vidole jioni nzima kama mtoto wa chekechea, akaniita na mimi nihesabu. Akasema, huyu akirudi nitamwonyesha."

"Na nilipokosa kurudi?"

"Kila muhula ukianza aliitoa, akaiweka mezani. Ukiisha akairudisha."

Nilikaa juu ya boksi. Mihula mingapi, sikutaka kujua.

"Ichukue," akasema. "Ni yako. Mtu wa maktaba hajui ziko ngapi."

Nilikitoa kifutio changu. Kilikuwa kimekauka, kigumu kama kokoto. Nikakigeuza mkononi kwa muda, halafu nikamwomba penseli.

Pembeni ya mstari wa tatu niliandika: kwa nguo na kwa maneno. Ule wa zamani sikuugusa, wala kiduara.

"Weka tarehe," akasema.

"Ya lini?"

"Ya leo. Usianze ujanja."

Nikaweka. Akaisoma, midomo ikichezacheza, kidole kikigonga goti lake polepole.

"Nane," akasema, akanyoosha mkono kunipa. "Haya, unaondoka nayo?"

Mlango ukagongwa. Nikairudisha karatasi kwenye boksi la tatu, kifutio nikakirudisha koponi. Nikashika boksi upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukalipeleka mlangoni.