Nenda Kaangalie Gesi

Mtaani walimwita Fundi Baridi kwa sababu ya friji, si kwa sababu ya tabia. Kwa tabia alikuwa mtu wa kuwaka upesi na kupoa polepole. Mkewe, aliyeuza miwani katika duka dogo ubavuni mwa benki, alisema waliompa jina hilo hawajawahi kumfichia rimoti.

Siku moja alikuwa saluni, amelala kifudifudi nyuma ya friji ya vinywaji iliyokuwa ikitoa maji badala ya baridi. Mwenye saluni, mama mcheshi asiyejua kunyamaza, alikuwa akimsifia mkewe. Kumbe alikuwa akimfuatilia kwenye ile tovuti ambako watu huandika kila filamu waliyoiona na kila kitabu walichomaliza, wakavipa nyota zake na maoni, na wengine wakaja chini kuchangia. Fundi aliijua. Mkewe aliwahi kumsihi ajiunge, naye akamcheka, akasema kumtangazia mtu usiyemjua ulichoangalia jana ni sawa na kumtangazia ulichokula.

"Mkeo ana maneno matamu," mama wa saluni alisema. "Akianza kujibizana na yule wa soksi nyekundu, raha tupu. Mimi ile tamthilia ya sabuni bado niko sehemu ya tano, yeye keshafika ya tisa."

Bisibisi ilimponyoka Fundi. Yeye na mkewe walikuwa wameishia ya sita.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kucheka. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya ndugu wanaogombea kiwanda cha sabuni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa msafi. Lakini nyumbani kwa Fundi ilikuwa na uzito wake. Tangu binti yao afariki, yule waliyemwita Kipipa kwa ajili ya tumbo lake, jioni zilikuwa ndefu na nyumba imetulia kupita kiasi. Fundi aliomba, tena kwa ukali, jina la mtoto lisitajwe humo ndani. Hata mkewe, aliyezoea kumwita Baba Kipipa, ilibidi aache, na kwa kuwa hakupata jina jingine la kumwita akabaki na "wewe". Hawakuwa na la kuzungumza mpaka tamthilia ilipoingia. Wakawekeana sharti: sehemu moja kila jioni baada ya chakula, wote wawili kwenye kochi, hakuna kutangulia. Hicho ndicho kitu pekee cha pamoja walichobaki nacho. Fundi alilijua hilo, ingawa asingelisema hata kwa viboko.

Sasa mkewe ametangulia. Na mtu hatangulii peke yake, Fundi alijiambia. Lazima kuna aliyemshika mkono.

Alirudi karakanani kwake mbio mbio, akapita katikati ya friji za wateja, akaenda kukaa kwenye kreti karibu na ile friji ndogo nyeupe ya pembeni, yenye kufuli, ambayo haikuwa ya kuuza wala ya kutengenezwa. Akafungua simu, akautafuta ukurasa wa mkewe. Soksi Nyekundu hakuwa na sura. Picha yake ilikuwa miguu miwili juu ya meza, mbele ya televisheni, imevishwa soksi nyekundu kama pilipili. Miguu ya mtu aliyestarehe. Fundi aliichukia pale pale.

Chini ya sehemu ya sita mkewe alikuwa ameandika: "Nilimtoa. Hakushtuka hata kidogo."

"Safi," Soksi alijibu. "Dakika tano zilitosha?"

"Zilitosha. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Fundi alisoma, akarudia, akasoma tena akitafuta maana nyingine, akaikosa. Alikumbuka vizuri sehemu ya sita. Katikati yake mkewe alinusa hewa, akasema, "Nenda kaangalie gesi, kama inavuja." Akaenda kama mjinga, akakuta imefungwa, akarudi, na mkewe akamwambia hajakosa kitu. Dakika tano hizo alizokuwa akiunusa mtungi, kumbe mwenzake yuko kwenye kochi na watu wake! Akateremka mpaka sehemu ya tisa, na huko Soksi alikuwa ameandika: "Hii ndiyo yenyewe. Usithubutu kumwacha sebuleni." Mkewe alijibu neno moja tu, kwamba anaogopa.

Jioni waliangalia ya saba. Yaani mkewe aliangalia televisheni, Fundi akamwangalia mkewe. Mkewe aliguna mahali pa kuguna, akashika mdomo mahali pa kushangaa, na kila mguno ulimkata Fundi maini, kwa sababu alijua keshaugunia kwingine. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida kama anapenda soksi za rangi gani. Mkewe alimkazia macho kama mtu aliyeulizwa umri wa jiwe, akasema hana habari na soksi. Na haikupita muda, akanusa hewa.

"Wewe, hebu nenda kaangalie gesi."

Alikwenda akipiga miguu, akarudi akinyata. Alimkuta ameinamia simu, kidole kinakimbia, na macho mekundu. Alipomuuliza analilia nini, alijibu hajalia, macho yamechoka tu na kazi ya kutwa nzima kupimisha watu miwani. Fundi akasema sawa. Akakaa ncha nyingine ya kochi, akiwaza kwamba yeye hajaliliwa na mtu siku nyingi, na huyu wa soksi analiliwa bila hata kuvaa viatu.

Asubuhi alijiunga na tovuti. Palipotakiwa jina aliandika Mwenye Mali. Kisha akaenda moja kwa moja chini ya maneno ya mkewe, mahali ambapo mama wa saluni na ulimwengu mzima wangeona, akaandika: "Wewe wa soksi, huyo ana mwenyewe. Vaa viatu uende." Alipomaliza alisikia raha, raha fupi ya mtu aliyejikuna kidonda.

Lakini sehemu ya tisa ilimkaa rohoni. Kwa nini hiyo? Labda ndiyo ishara yao. Labda jioni ya sehemu ya tisa atatumwa jikoni, na akirudi akute kochi tupu na kabati halina nguo. Akavuta mlango wa karakana nusu, akaketi kwenye kreti, akaiweka sehemu hiyo kwenye simu.

Ndugu walibishana, wakapigana makofi, mwanasheria akapasua karatasi. Kisha yule mdogo wao, mwizi wa hisa, alionekana akitembea kwenye korido ya hospitali. Muuguzi akatoka chumbani bila kumtazama usoni, akampa mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo ndani: gauni dogo lililokunjwa na viatu vya mtoto. Yule mwizi akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante."

Asante hiyo ndiyo iliyommaliza Fundi. Naye alisema asante. Siku ile alipokabidhiwa mfuko wa Kipipa, na kandambili za njano ndani yake, midomo yake ilitoa asante kama aliyerudishiwa chenji, na tangu hapo hakuwahi kujisamehe. Simu iliendelea peke yake, watu wa sabuni wakapigiana kelele, naye alilia akiwa ameikumbatia kama mtu anayeizuia isianguke.

Alipotulia ndipo mambo yalipojipanga. Alirudi kwenye ya sita, akaangalia kipande alichokikosa: sherehe ya mtoto kuzima mishumaa. Akaenda ya saba: wodi ya watoto. Alikumbuka mwaka uliopita, tangazo la nepi tu lilivyomtoa nyumbani akaja kulala humu karakana, mkewe akimpigia simu bila kujibiwa. Hakuwa akitolewa ili mtu aingie; alitolewa ili asione.

Akakimbilia kufuta maneno yake, akakuta yameshapata wasomaji. Mama wa saluni alikuwa ametia vikaragosi vya kucheka. Soksi Nyekundu aliandika: "Pole sana. Sikutaka kukuletea matatizo nyumbani, naacha." Na mkewe, chini ya yote: "Nimeona."

Fundi alisimama, akatoa ufunguo shingoni, akafungua ile friji ndogo nyeupe.

Nyumbani alimkuta mkewe sebuleni, televisheni imezimwa, chakula kimefunikwa.

"Mwenye mali karudi," alisema, bila kugeuka. Alieleza kwamba wenzake wote dukani wameyasoma, na kwamba bosi alimuuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama. Fundi hakujitetea. Alisema tu kwamba ameiangalia ya tisa.

Hasira ilimtoka mkewe usoni, ikaingia hofu. "Peke yako?"

"Peke yangu."

Ndipo mkewe alipomweleza: huitangulia kuiangalia dukani, saa ya chakula, akiwa amejificha nyuma ya kabati la fremu. Hata hivyo aliogopa kuvamiwa na tukio asilolitarajia, ndiyo maana aliwaomba kwenye tovuti waliotangulia wamwonye penye mtoto, penye hospitali. Wengi walimdharau. Soksi alimjibu, tena kila mara. Baadaye alimwandikia faragha kwa nini anauliza.

"Ni mwanamume?" Fundi aliuliza, maana wivu hauishi kwa siku moja.

"Sijui. Sijawahi kuuliza."

"Hata hujui ni nani, na ukamsimulia Kipipa."

Jina hilo liliwashtua wote wawili.

"Aliniuliza alikuwa anachekaje," alisema. "Wewe ulinikataza. Ningemwambia nani?"

Hilo lilimuuma Fundi kuliko dakika tano zote za gesi. Mtu wa soksi alipewa kicheko cha mwanawe, na yeye baba hakuwa amekisikia kikisimuliwa tangu msiba. Lakini hakuwa na mdomo wa kulalamika. Aliufungua mkoba wake wa vifaa, akautoa ule mfuko wa plastiki, akauweka mezani kando ya chakula.

Mkewe aliusogelea. Aligusa kandambili moja ya njano kwa ncha ya kidole, juu ya plastiki.

"Ulisema zilipotea hospitali."

"Ndiyo."

"Nilirudi kule kuziulizia. Nilimtukana mama wa usafi mbele ya watu, nikamwita mwizi."

Fundi hakuwa amejua hilo. Alisema zilikuwa karakana, kwenye ile friji nyeupe.

"Na ulikuwa ukizitazama?"

"Mchana. Wateja wakipungua."

"Peke yako," mkewe alisema. "Miaka miwili."

Fundi aliuona uso wake ukibadilika, akautambua wivu uliokuwa ukipita hapo, kwa sababu tangu saluni ulikuwa ukipita kwake. Tofauti ni kwamba yeye alijiona ameibiwa dakika tano ambazo hazikuibwa. Mkewe aliibiwa kweli, na mwizi alikuwa akila naye meza moja kila jioni. Alisubiri atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

Mkewe aliuvuta mfuko mpaka mapajani. Akalishika fundo lake.

"Nenda kaangalie gesi," alisema.

Akaenda. Gesi ilikuwa imefungwa. Aliikagua hata hivyo, akashika bomba lote kutoka mtungini hadi kwenye jiko, kisha akasimama na mgongo ukutani. Aliisikia plastiki ikifunguka, halafu kimya, halafu sauti ya mkewe chini chini, akiongea, ila si naye. Alitamani kujua anasema nini. Lakini hakusogea.

Ilipita zaidi ya dakika tano.

"Baba Kipipa," mkewe akaita.

Akazima taa ya jikoni, akaenda.