Gego la Baba Mkwe

Mwaka jana wadudu dumuzi walitusagia mahindi kabla sisi hatujayafikisha mashineni. Nusu ya magunia ilibaki vumbi. Kwa hiyo mwaka huu bwana shamba alipotuletea mifuko sita isiyopitisha hewa, nilimsikiliza kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari. Kausha mpaka yakauke kweli, alisema, kaza shingo ya mfuko, usifungue ovyo.

Kukausha ndiko kulikonitoa roho. Mume wangu yuko kibaruani mbali, tukabaki wawili, mimi na baba yake. Mahindi ya mwanzo yalikauka upesi, yakajaza mifuko miwili. Yaliyobaki yalikutana na mawingu. Asubuhi natandika turubai uani, namwaga, nageuza kwa miguu. Wingu likija, naanua mbio. Likiondoka, naanika upya. Siku kumi na moja. Mgongo haukuwa wangu tena, na kila wingu nililiona lina ugomvi na mimi binafsi.

Kwetu mwenye neno la mwisho ni baba mkwe. Hana kipimo wala nini. Anachukua punje moja, anaiweka kwenye gego, anafumba macho, anang'ata. Ikilia ka, yamekauka. Ikinyamaza, anasema bado, nasi tunarudi juani. Siku ya kumi na moja aling'ata, akatafunatafuna, akasema yamekauka. Sikumwuliza mara mbili. Nikajaza mifuko minne, nikafunga, nikalala usingizi wa pono.

Wiki ya tisa nilifungua mmoja. Dumuzi hakuwemo hata wa dawa. Lakini harufu ilinipiga usoni, na mkono nilioutumbukiza ulitoka na bonge la mahindi yaliyoshikana, kijani kwa kuvu. Nikafungua mingine yote. Ile miwili ya mwanzo ilikuwa salama. Minne imekwisha, na bwana shamba alishatuonya kwamba mahindi ya kuvu ni sumu, hata kuku hapewi. Miwili haitufikishi mavuno yajayo, hata tukila mara moja kwa siku.

Baba mkwe alisimama mlangoni mwa stoo. Alivuta shavu kwa kidole, akanionyesha ufizi mtupu.

"Liling'oka kabla ya mavuno, mwanangu. Niling'ata kwa meno ya mbele, sikusikia kitu. Nikaona aibu. Na wewe nilikuona umechoka."

Alikuwa analia, mtu mzima yule. Nilipandwa na hasira, na hakuna ambaye angenilaumu. Mume wangu angeambiwa ni uzee wa baba yake, ukoo mzima ungetikisa vichwa, na mimi ningepewa pole.

Lakini asubuhi ile ya siku ya kumi na moja, kabla yake, nilikuwa nimeinama juu ya turubai nikang'ata punje yangu. Ilibonyea bila sauti. Niliitema, nikaifunika kwa mguu, nikamsubiri yeye aseme yamekauka.

"Baba," nilimwambia, "hata mimi niling'ata. Nilijua bado."

Akaniuliza mwanawe tutamwambia nini. Akashika mfuko upande mmoja, nami nikashika mwingine, tukaanza kuuburuta kwenda kwenye shimo la taka.