Risasi za Mama Mkwe

Mwaka 1949 Sajini Saleh alifika Endasak na sanduku la risasi mpya za jeshi, pamoja na agizo la mistari minne: kila askari wa wanyamapori arudishe risasi za zamani, apokee hizi, atie sahihi.

Hermani ndiye aliyelinda mashamba ya mteremko ule wa Hanang dhidi ya nyati na nguruwe. Wakati wa vita, ndiye aliyemfundisha Saleh kulenga shabaha. Aliishika risasi moja mpya kati ya vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Baruti yake ni kali kuliko ya zamani?"

"Kali sana, Mzee. Imetengenezwa kwa ajili ya bunduki mpya."

"Na bunduki yangu?"

Saleh alilisoma tena agizo. "Haikutajwa."

Bunduki ile ilikuwa imefanya kazi miaka zaidi ya thelathini, na komeo lake, chuma kinachofungia risasi ndani, ambalo wakati wa kulenga lilikuwa vidole vitatu tu kutoka shavuni, lilikuwa limelegea.

"Basi hizi ni risasi za mama mkwe," alisema Hermani. "Zinasalimiwa kwa mbali."

Saleh alicheka. Natalia, mke wa Hermani, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, hakucheka.

"Kwa mbali kiasi gani?"

"Mama Patriki, ni mzaha tu."

"Mimi nauliza hatua. Mama yangu, wewe humsalimia kutoka pale kwenye jiwe kubwa, tangu uliponiposa. Na hizi tutazisalimia kutoka pale pale."

Aliweka ungo chini, akaenda kumfungua ndama, akarudi na kamba.

"Mama, bunduki ya serikali haifungwi kama mbuzi," alisema Saleh.

"Na shavu la mume wangu ni la serikali?"

Sajini alikwenda kuvuta gogo. Waliifunga bunduki juu ya gogo, mtutu ukielekea kichuguu, wakaitia risasi mpya, kisha wakafunga kamba kwenye kifyatulio. Kamba haikufika, hivyo Saleh alivua mkanda wake wa sare wakauunganisha. Natalia aliwasukuma wanaume wote wawili nyuma ya jiwe.

"Navuta mimi. Ninyi mtabaki mkibishana."

Mlio ulipotulia, bunduki ilikuwa bado nzima juu ya gogo.

"Umeona, Mzee?" alisema Saleh kwa furaha.

Hermani alijaribu kufungua komeo; likagoma. Waliligonga kwa mpini wa jembe hata ganda la risasi likatoka, limepasuka ubavuni. Kipande cha chuma, kidogo kama punje ya mahindi, kilikuwa kimezama katika ubao wa kitako, pale pale shavu hulala.

Saleh alitoa kalamu, akaandika chini ya agizo kwamba risasi hizo zisitumike katika bunduki za zamani. Kisha akavua bunduki yake mwenyewe begani, ya aina ile ile ila yenye komeo imara, akaiweka mikononi mwa Hermani pamoja na risasi saba za zamani alizotakiwa kuzichukua.

"Na ukiulizwa bunduki yako iko wapi, huko bomani Mbulu?" aliuliza Hermani.

"Nitasema imebaki kwa mwalimu wangu. Naondoka, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Chukua mkanda wako, suruali isije ikakuaibisha njiani."

Natalia alipapasa shavu la mumewe kama anayetafuta vumbi, akarudi kwenye maharage yake.

"Mama Patriki," aliita Hermani baada ya muda, "ndama yuko wapi?"

Alikuwa ndani ya mahindi, akila kwa utulivu kabisa. Mlinzi wa mashamba alitundika bunduki, akaokota kamba, akaenda.