Mluzi wa Kisiwani

Wafadhili wa masomo yangu ya uzamivu walitaka kitu kimoja tu: sauti ya ndege. Ndege wangu ni mdogo, wa rangi ya majivu, huishi katika kisiwa kimoja tu cha ziwani, na kwa miaka minne hakuna aliyemwona. Nikithibitisha yu hai, wanalipia utafiti miaka mitatu zaidi na kisiwa kinalindwa. Nikishindwa, kila kitu kinafungwa. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Saa tisa siku hiyo nilikuwa mtaani Nyanchwa, sebuleni kwa Mong'ina, mama yake Ogoti, na sauti nilikuwa nayo. Kinasa sauti nilichokifunga mtini kule kisiwani kilikuwa kimenasa mluzi alfajiri, mara tatu. Ningeruka kwa furaha. Badala yake niliogopa.

Ogoti alikuwa msaidizi wangu. Alimwiga yule ndege ili ajibu, na hakuna aliyemshinda, ila alikuwa na pengo la jino la mbele. Mluzi wake ulitanguliwa na hewa ikipenya, sss. Mluzi wa kwenye kinasa ulikuwa na sss hiyo hiyo. Na ndege, kwa ninavyojua mimi niliyemchunguza miaka sita, hana meno wala pengo. Kinasa nilikifunga Juni. Ogoti alikuwa amezama Machi, miezi mitatu kabla, na ziwa halikuturudishia mwili.

Mfa maji haachi kutapatapa. Msemo huo ulinijia nikiifikiria saa kumi na moja, nikaumeza kwa aibu.

"Mama, sikiliza hii uniambie," nikasema.

Mara ya kwanza alisikiliza amesimama. Mara ya pili alikaa. Mong'ina ni Msabato wa kuzaliwa, na sufuria za chakula cha Sabato zilikuwa bado jikoni zikichemka.

"Aliyekufa amelala," akasema. "Hajui kitu, hapigi miluzi. Mwanangu amelala mpaka parapanda."

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo ni ndege. Andika ni ndege, Bochaberi."

Nikaandika, nikatuma. Nilijua nimedanganya, na nilijua naye anajua.

Akaingia chumbani, akatoka na sweta ya kijani ya Ogoti iliyokunjwa vizuri.

"Wakikupa hizo pesa, utarudi huko?"

"Nitarudi."

Akaniwekea sweta mapajani. "Iache pale kwenye mti. Asubuhi ziwani kuna baridi."